Dume Mapajani mwa Wifi

Wifi yangu alipokuwa akiingia nyumbani kwa Dada Mkubwa, kitu cha kwanza kufunguliwa kilikuwa dirisha. Dada hakusema neno. Aliinuka kwenye kochi, akasogeza pazia, akafungua kioo mpaka mwisho, kisha akarudi kukaa na kumuuliza habari za huko atokako. Kiti cha plastiki kililetwa kutoka jikoni, maana makochi yalikuwa ya kitambaa, na kitambaa, kwa maneno ya Dada, hakisahau. Wifi alikikalia kiti hicho miaka minane, magoti pamoja, mikono ndani ya shali, akijibu anachoulizwa tu.

Kazi yake ni kusafisha pweza. Meza yake ni ya nne kushoto ukiingia soko la samaki, pale penye bomba. Wenzake walimwachia pweza na ngisi wote kwa sababu waliona ni kazi ya kujichosha bure. Yeye aliipenda. Anaingiza dole gumba chini ya kichwa cha pweza, anakigeuza nje ndani kama mtu anavyogeuza soksi, anatoa matumbo na kile kifuko cha wino bila kukipasua, anang'oa mdomo mgumu ulio katikati ya minyiri, yaani ile mikono minane, halafu anampiga juu ya jiwe mpaka analegea. Lakini kabla ya yote hayo huinua mnyiri wa tatu wa upande wa kulia na kuitazama ncha yake. Ncha ikiwa na vinyonyo mpaka mwisho, huyo ni jike. Ikiwa laini, haina kinyonyo hata kimoja, imekaa kama kiulimi, huyo ni dume. Alisema dume ana nyama ya ubishi na anataka kipigo cha ziada, na wateja wanaume walikuwa wanacheka wakisikia hivyo, halafu wanatazama lile jiwe na kuacha kucheka.

Kaka yangu alimpata hapo hapo mezani. Kaka alikuwa fundi wa majokofu. Alikwenda kutengeneza jokofu la soko, akarudi nyumbani kwa Dada na habari ya kuoa. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki na kumwachia mtoto wa kike, naye wakati ule ana miaka mitatu. Mtoto huyo tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyopo shavuni. Dada ndiye aliyetulea sisi wawili, Kaka na mimi, baada ya wazazi kuondoka duniani, na yeye alikuwa amekwisha kumchagulia Kaka mwalimu wa chekechea. Kwa hiyo hakuja kwenye ndoa. Alisema kichwa kinamuuma. Kichwa hicho kilimuuma miaka yote minane.

Kaka aliugua miezi saba. Dada alituma salamu, alituma na dawa za kupaka, mwenyewe hakufika. Alikuwa anangoja Kaka aje kwanza kumwomba radhi kwa ndoa ile, na Kaka wakati huo hawezi kusimama bila kushikwa pande mbili. Mungu akamchukua wao wakiwa hivyo hivyo, mmoja anangoja na mwingine hawezi.

Akabaki wifi na Kidoti. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika hiyo minane alikuwa amemwita wifi Mama. Lakini wifi hakumzaa, na hakujaliwa kuzaa. Mtoto alikuwa wa kwetu, wa ukoo wa baba yake. Mwenye kauli katika ukoo ni Baba Mdogo, na mwenye kumsemesha Baba Mdogo ni Dada. Matanga hayajakunjwa vizuri, Dada akaanza kuuliza mtoto wa ndugu yake atakulia kwenye magamba ya samaki mpaka lini. Katika chumba chake cha kushonea kulikuwa na cherehani mbili, na ile ya pili haikuwa na mtu tangu binti yake wa mwisho alipoolewa. Sitaki kumsemea mtu moyo wake. Nasema tu kwamba cherehani ilikuwepo.

Mwezi wa tano baada ya mazishi ndipo Mchoraji alipokuja sokoni. Alikuwa msichana mwembamba wa miwani, kucha zina rangi ndani kama za mtoto aliyechezea udongo. Alisimama mbele ya meza ya wifi asubuhi nzima bila kununua kitu. Wifi akamuuliza kama amepoteza mtu. Akasema hapana, anatazama mikono yake. Wiki iliyofuata alirudi, wakazungumza, na wifi ambaye kwa Dada haongei akamweleza yule msichana habari zote za Kidoti. Kabla hawajaachana alikuwa amekubali kuchorwa.

Nilimsindikiza siku moja. Msichana alikuwa amepanga chumba juu ya duka la magodoro, ngazi imejaa pamba, na ndani kulikuwa na picha zimeegeshwa ukutani pande zote. Zilikuwa picha za watu, watu kabisa, wenye sura ambazo unaweza kuzisalimia. Ila kila mtu alikuwa na kiumbe cha baharini. Karani aliyevaa tai alikuwa na kaa aliyeishika ile tai kwa gando lake. Mwalimu alikuwa amevaa konyeza kichwani, kile kidudu cha maji kinachowasha, kama kofia ya nailoni, nyuzi zake zikimning'inia mbele ya macho. Bibi harusi mmoja mahali pa shada la maua alishika bunju, yule samaki anayejijaza pumzi mpaka anakuwa mpira wa miiba.

Mimi niliuliza, kwa adabu, watu hawa wamekosa nini. Akacheka, akanieleza. Kaa ni mtu anayekwenda upande upande ili usijue anaelekea wapi. Bunju anajaa kwa sababu ya hofu, na sisi tunaomtazama tunadhani ni kiburi. Nilisimama mbele ya ile ya bunju muda mrefu kuliko nyingine. Kuna mtu nilimkumbuka.

Kwa wifi alitaka pweza. Alikuwa amesoma kwamba pweza jike akishataga hatoki, hali chakula, anayalinda mayai na kuyapepea maji mpaka yaanguliwe, na yakianguliwa naye anakufa palepale. Picha itaitwa Mama. Alimwomba wifi alete pweza mmoja kutoka sokoni, amchague anavyopenda, ampakate.

Sasa wifi, kwa kazi yake, hawezi kumpeleka pweza mchafu nyumbani kwa mtu. Ni aibu. Siku ya kwanza alifika na pweza wake ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, kichwa kimegeuzwa nje ndani, amepigwa mpaka amekuwa laini kama tambara. Mchoraji alifunua kitambaa akakaa chini sakafuni. Alitaka macho. Wifi akamwambia macho ndiyo kitu cha kwanza kutoa. Ikabidi yule pweza aliwe, na wifi akaenda tena wiki ya pili na mwingine, mzima, hajaguswa. Huyo wa pili alimchagua mwenyewe kati ya pweza kumi na wanne walioletwa asubuhi ile. Alikaa naye mapajani kwa muda wa saa tatu bila kusogea, na Mchoraji alisema hajawahi kuona mtu anayejua kutulia namna ile. Siku zilizofuata alikwenda kuchorwa uso tu.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi wa chini ya maktaba, mchana. Kadi za mwaliko zilikuwa na sura ya wifi na pweza wake, na kadi moja ilifika katika kundi letu la sala, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Dada. Dada alivaa vizuri akaniambia twende. Hakwenda kutazama. Alikwenda kuhakikisha.

Picha ilikuwa kubwa, imejaa ukuta wa mwisho. Wifi amekaa kwenye kigoda, na shali yake ile ile, uso umeinama. Mapajani amelala pweza wa rangi ya majivu, kichwa kimeegemea tumbo lake. Mnyiri mmoja umemzunguka kiuno, mwingine umeingia ndani ya shali, mingine inaning'inia mpaka chini. Chini kulikuwa na kikaratasi: Mama. Watu walikuwa wanasogea mbele na kunyamaza. Nami nilinyamaza.

Mgeni mmoja, baba mwenye suti, akamwendea wifi aliyekuwa amejibanza kwenye nguzo. Alimuuliza anajisikiaje kuwa mfano wa mama wote. Wifi akatazama picha kama anavyotazama mezani kwake, akaenda mpaka mbele, akaonyesha kwa kidole.

"Huyu si mama, baba," alisema. "Huyu dume."

Akawaonyesha ile ncha. Msichana yule huchora anachokiona, hapunguzi wala haongezi, kwa hiyo ncha ilikuwepo, laini, bila kinyonyo. Ukumbi ulicheka. Watu walijazana kuitazama, wengine wakatoa simu, Mchoraji akashika kichwa huku naye anacheka. Nadhani wifi alifurahi kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza watu wenye suti kusikiliza jambo analolijua.

Dada alikuwa ameshika glasi ya juisi. Aliiweka mezani ikiwa imejaa.

"Twende," aliniambia. "Nimeona nilichokuja kuona."

Haikufika Jumatano, maneno yakawa yameenea. Katika kundi la sala ilisemwa kwamba picha imetoa kilichokuwa kimefichwa. Mwanamke mjane, mume hajatimiza mwaka kaburini, amekaa mbele ya watu na dume mapajani, kamzungushia mkono kiunoni, mwingine kauingiza kifuani, na kwa kinywa chake mwenyewe anawatangazia wageni kuwa ni dume. Mmoja alisema ni ishara ya hawara. Mwingine akasema hawara ana nafuu, hilo ni jini. Wanawake wale wale walioomboleza naye wakawa wakimwona anakuja wanaweka mikoba yao kwenye kiti kilicho wazi. Nami mkoba wangu nilikuwa nao mapajani, Mungu anisamehe, sikuuweka kwenye kiti, lakini sikumwita pia aje akae.

Sokoni wateja waliruka meza ya nne wakaenda ya tano. Siku moja alikuta maandishi ya mkaa juu ya jiwe lake: MKE WA PWEZA. Alilisugua kwa brashi ya magamba akaanza kazi. Shuleni Kidoti alichorewa minyiri minane kwenye jalada la daftari, na alipomsukuma aliyechora, akaitwa yeye kwa mwalimu mkuu. Wifi alikwenda shuleni na aproni yake. Mwalimu mkuu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Ndipo Dada akampigia simu Baba Mdogo, na kikao kikawekwa Jumapili saa tisa, nyumbani kwa Dada. Wifi aliambiwa aje na mtoto, na mtoto aje na begi lake la nguo, ili, kwa maneno ya Dada, watu wasisumbuke mara mbili.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Mchoraji alikuwepo, macho yamevimba. Alikuwa amesikia yote na alikuja na dawa yake: atachukua brashi ndogo, aongeze vinyonyo kwenye ile ncha, ni kazi ya dakika ishirini. Wifi aseme alikosea siku ile kwa sababu ya wingi wa watu. Pweza awe jike, picha iwe Mama kama kikaratasi kinavyosema, na hakuna mtu atakayekuwa na la kusema. Nilimuunga mkono. Nilimwambia wifi, jamani, ni pweza tu. Ni neno moja. Useme neno moja ulale na mtoto wako.

Alikuwa anamsuka Kidoti. Hakuinua macho.

"Mimi sina cheti," alisema. "Sina nyumba, sina mtoto wa tumboni. Nina hili moja, kwamba nikimshika pweza najua ninachokishika. Mnataka na hili niseme silijui?"

Nikamuuliza basi kwa nini alipeleka dume kwa mtu aliyetaka mama. Akamvuta Kidoti nywele, mtoto akalia uwii, na jibu sikupata.

Jumapili dirisha lilikuwa limefunguliwa kabla hatujafika. Baba Mdogo alikuwa kwenye kochi la katikati, kofia juu ya goti. Aliendesha malori miaka thelathini na hapendi kikao kinachozidi muda wa kujaza mafuta. Mchoraji alikaa pembeni, amekuja kwa hiari yake, simu mkononi. Kidoti alipelekwa chumba cha kushonea asubiri huko, mlango ukaegeshwa. Nilipopita niliona kigoda cha cherehani ya pili kimefutwa vumbi.

Dada alianza kwa kusema hana chuki na mtu. Alisema anamwombea wifi kila siku kwa jina. Anachouliza ni kimoja tu, mtoto wa ndugu yake analelewa na mtu wa namna gani, maana picha iko ukutani na mji mzima unaiona.

Baba Mdogo akasema afupishe, yeye hajaiona hiyo picha. Mchoraji akampa simu. Mzee aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaivua miwani.

"Anaumwa huyu?"

"Nani, mzee?" Mchoraji akauliza.

"Huyu mnyama. Amelegea."

Mchoraji akamwambia ni pweza wa sokoni, alikuwa amekwisha kufa. Kisha akaeleza kila kitu, jinsi jike anavyolinda mayai, anavyokaa na njaa, anavyokufa, na kwamba alipomwona wifi na Kidoti hakufikiria kingine. Alieleza vizuri. Baba Mdogo alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaanza kupumua. Mzee alirudisha simu.

"Haya, mama," alimwambia wifi. "Binti amesema ni mama na mayai yake. Wewe sema hivyo hivyo, tunywe chai, niwahi. Ni jike, si ndiyo?"

Chumba kizima kilikuwa kimemkunjulia mkeka. Alichotakiwa ni kukanyaga tu.

"Ni dume, Baba Mdogo," wifi alisema.

Dada aliegemea nyuma kwenye kochi. Hata hakutabasamu.

"Mmesikia," alisema. "Si mimi. Mwenyewe."

"Uliombwa mama," Baba Mdogo alimwambia wifi, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimamishwa barabarani na askari. "Ulijua ni dume?"

"Nilijua. Nilimtazama asubuhi."

"Ukampeleka hivyo hivyo?"

"Nilimchagua."

Mchoraji aligeuka kumtazama. Na yeye hakuwa analijua hili. Wifi akatoa mikono ndani ya shali, akaiweka juu ya magoti, ile mikono yake yenye makovu meupe ya kisu, na Dada akaikwepa kwa macho kama kawaida yake.

"Pweza dume akishampanda jike hamalizi msimu," wifi alisema. "Anaacha kula. Ngozi inapauka, inatoka vidonda ambavyo havifungi. Anatoka pangoni mchana kweupe, anatambaa hadharani, hajifichi tena, na ukimwokota kwa mkono hakushiki. Wanamleta sokoni hivyo. Sisi tunampiga tu kama wengine. Asubuhi ile aliletwa mmoja. Nikamwinua, nikaona ncha, nikaona ile rangi ya majivu, na macho jinsi yalivyozama. Nikashindwa kumlaza juu ya jiwe. Ilikuwa rangi ya mume wangu. Miezi saba nimeiosha rangi ile. Halafu mchana nimeitwa kwa huyu binti nikae na pweza mapajani saa tatu, nisisogee. Nikamchukua huyo. Sikufikiria mama. Kama ni dhambi, Mungu anaijua, sikumficha."

Cherehani ilisikika ikigongwa gongwa kule ndani, mtoto anazungusha gurudumu lake kwa kuchoka.

"Ndugu yangu," Dada alisema polepole, "unamfananisha na pweza."

Wifi aliirudisha mikono ndani ya shali.

"Nimemlea mimi. Nimembeba mgongoni. Amekufa kitandani mwake kama mtu, amelala usingizi, hakumsumbua yeyote, na wewe ambaye hukuwa na kazi hata ya kumgeuza ubavu unakuja hapa kumwita pweza. Baba Mdogo, tumalizie. Mtoto halali tena kule."

"Nani kakwambia alikufa usingizini?" wifi akauliza.

"Aliyekuwepo."

"Wewe hukuwepo."

"Nilikuwa naumwa!"

"Aliyekuwepo ni nani?" Baba Mdogo akauliza.

Dada na wifi walinitazama, mmoja kutoka kwenye kochi na mwingine kutoka kwenye kiti cha plastiki, na kila mmoja alinitazama akidhani niko upande wake.

Nilikuwepo siku tano za mwisho. Nitaandika hapa nilivyosema pale, ila pale nililia katikati. Kaka hakufa kitandani. Kitanda kilikuwa kinamuumiza, hata shuka lilikuwa linamuumiza, akaomba ashushwe chini. Wifi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akampakata kichwa, na Kaka akamshika kiuno kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaushika upindo wa shali yake kifuani kama mtoto. Ilikuwa tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Alikuwa anaita. Aliita jina la Dada mara nyingi. Wifi hakunywa maji, hakutaka kusogea hata kunyoosha mguu, na ilipokwisha tulimnyanyua watu wawili kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nilipopelekwa kumpa Dada habari, aliniuliza kitu kimoja tu, kama aliteseka. Nikasema hapana. Nikasema alilala, hakuamka. Nilitaka kumpunguzia. Baadaye nikawa nasikia Dada akiwaambia watu kwamba wifi hakufanya lolote, mume alijifia mwenyewe usingizini, na kila aliposema hivyo nilijua neno limetoka kwangu, nami nikanyamaza.

"Niliiona ile picha ukutani," nilisema, "nikamwona Kaka. Sikuona dume wala jike."

Baba Mdogo alikuwa anaigeuza kofia yake kwa ukingo. Naye hakuwahi kuja kumwona Kaka, alikuwa njiani na lori, kila mara alikuwa njiani. Aliomba tena ile simu. Aliishika muda mrefu, na safari hii hakuivua miwani.

"Mtoto abaki alipo," alisema. Akaivaa kofia.

Dada alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona akikosa rangi namna ile. Nilidhani atauliza kuhusu jina, Kaka alimwitaje, kwa sauti gani. Ningemwambia. Lakini alikwenda dirishani akalifunga, na kuongea aliongea na kioo.

"Mlango ni ule. Mchukueni mtoto, na begi lake, na pweza wenu. Na wewe," akanitaja, "uliyenidanganya mimi niliyekulea, wafuate. Usirudi hapa mpaka nikuite."

Hajaniita. Huu ni mwaka wa nne. Katika kundi la sala hukaa safu ya mbele nami ya nyuma, na wakati wa kupeana mikono hugeukia upande mwingine. Wapo wanaomfuata na wapo walionirudia, na meza ya nne ina wateja wake, ingawa wengine mpaka leo husema jina la pweza wakimaanisha mtu.

Siku ile tulitoka wanne. Mchoraji aliagana nasi barabarani, alitaka kusema mengi akashindwa, akambusu Kidoti kichwani akaenda. Kidoti alikuwa ameyasikia yote kupitia mlango ulioegeshwa. Alitembea kimya mpaka kwenye duka la vipuri, ndipo akamuuliza mama yake kama ni kweli madume wote hufa.

"Na majike," wifi akamwambia. "Kamba ya begi inaburuzika, ishike."

Kwenye kona ya kwangu nilisimama, nikanyoosha mikono kumkumbatia. Nilitegemea, sitaficha, neno la shukrani. Wifi alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Miezi kumi na moja natukanwa kwamba nilimwacha mume wangu afe peke yake, na neno lilikuwa lako."

"Nilitaka kumpunguzia Dada, wifi."

"Ulimpunguzia. Mimi ukaniongezea." Alimshika Kidoti mkono. "Leo umesema, nimesikia, Mungu akulipe. Ila usije kwangu kwa sasa. Sitaki kukuona."

Sikwenda wiki ile, wala iliyofuata. Ya tatu nilikwenda, nikabisha hodi, nikasimama nje mpaka vidole vya miguu vikaanza kuniuma. Alifungua. Hakuniambia karibu wala hakuniambia ondoka. Aliingia jikoni, akarudi na sinia la vitunguu na kisu, akaviweka kizingitini mbele yangu, nami nikakaa hapo hapo nikaanza kumenya.